YAH: Fomu imerudishwa – Walebanoni na Wasyria kwenye jedwali la kipato

Mama Neema (Ohio):

Ndugu zangu, habari za jioni.

Ofisi imeturudishia fomu ya CDBG (ruzuku ya serikali kuu ya Marekani kwa maendeleo ya jamii) ya mafunzo ya biashara ndogo. Mradi ni wa familia za Kikongo na za Kisyria zilizokuja kwa ukimbizi na zinataka kupika na kuuza chakula. Kwenye jedwali la mahitaji tuliweka kipato cha kati cha kaya kwa asili, kutoka S0201, jedwali la ofisi ya sensa la makundi ya watu. Afisa ameandika pembeni: safu ya Wasyria haionyeshi umaskini, mmeiweka karibu na ya Walebanoni ambao wana maduka na vituo vya mafuta mji mzima, sasa uhitaji uko wapi? Anataka jedwali jipya kufikia Ijumaa, na kwa ngazi ya kaunti.

Swali: safu ya Wasyria niigawe mara mbili, au niiache moja nitie maelezo chini? Na hizo namba za kaunti zinapatikana wapi?

Binti Tanga (Ann Arbor):

Mama Neema, shikamoo. Afisa amesoma kilichoandikwa. Lawama ni ya jedwali.

S0201 ya asili inahesabu kile mtu alichojiandikia kwenye swali la asili la ACS, utafiti wa kila mwaka wa ofisi ya sensa. Haimuulizi alifika lini. Kitukuu wa mchuuzi aliyeshuka New York mwaka 1905, ambaye leo ni wakili Allentown, na mama aliyetoka kambini Jordan mwaka 2016 wote wanaingia safu moja ya Wasyria. Yule wa kwanza ana mwenzi, nyumba iliyokwisha lipwa na watoto wawili. Wa pili ana watoto sita na mshahara mmoja wa kiwandani. Ukitoa kipato cha kati cha wote pamoja, unapata namba isiyomhusu hata mmoja.

Na mchanganyiko ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Waliokuja kati ya miaka ya 1880 na 1924 walitoka zaidi Mlima Lebanoni, wakati huo chini ya Waosmani, na Marekani iliwaandika wote Wasyria. Lebanoni Kuu ilitangazwa Septemba 1920, wengi wakiwa wameshahamia. Koo nyingine zikaanza kujiandika Lebanoni, nyingine zikabaki na Syria ya babu. Kwa hiyo wajukuu wa kijiji kimoja wamegawanyika safu mbili, na ndiyo maana safu hizo zimefanana miaka yote. Tazameni hata ALSAC, shirika la mwaka 1957 linalochangisha fedha za hospitali ya St. Jude: waanzilishi walibeba majina yote mawili, Lebanoni na Syria, kwa sababu jamii ilikuwa moja. Sensa ya 2000 ilionyesha kipato cha kati cha familia za Kiarabu kwa jumla kuwa kama dola 52,300, taifa zima likiwa na kama 50,000, na Walebanoni na Wasyria walikuwa miongoni mwa walio juu. Hapo wakimbizi wa vita ya 2011 hawakuwa wamefika.

Sheria ya uhamiaji ya 1924 iliwapa Syria na Lebanoni nafasi 100 tu kwa mwaka. Mlango ulifungwa kwa kizazi kizima na zaidi, waliokuwemo wakapanda: mzigo mgongoni, kisha duka la vitambaa, kisha jumla, kisha watoto chuo kikuu. Ukilinganisha Walebanoni na Wasyria bila kutenganisha nyakati za kufika, unapima umri wa jamii, hupimi hali yake.

Mzee wa Michenzani (Columbus):

Assalamu alaykum. Binti Tanga amesema vyema, ila asiwafanye Walebanoni kuwa kundi moja tajiri. Wa Dearborn wengi wao si wa 1905. Ni watu wa Lebanoni ya kusini, Bint Jbeil na vijiji vyake, waliokimbia vita ya 1975 hadi 1990 na mashambulizi ya Israel. Wamo wenye vituo vya mafuta na wamo wanaovisimamia usiku kwa mshahara. Nao wamechanganywa na Wakristo Wamaroni wa kizazi cha nne wanaokaa vitongoji vya kifahari.

Na Wasyria wana tabaka la tatu ambalo hakulitaja: madaktari. Waliingia kuanzia miaka ya 1970 na kuendelea kwa ECFMG (shirika linalothibitisha madaktari waliosoma nje) na mitihani ya udaktari, wakabaki. SAMS, chama chao cha madaktari, ni cha 1998. Mtu wa tabaka hilo amezaliwa Aleppo, ni wa kizazi cha kwanza, na kipato chake kinazidi cha karibu kila mtu kwenye jedwali. Hivyo hata ukitenganisha waliozaliwa nje na waliozaliwa Marekani, bado umemuweka daktari bingwa chungu kimoja na mkimbizi. Lazima uweke na mwaka wa kuingia.

Papa Kalemie (Dayton):

Wandugu, jibu ni PUMS, yaani rekodi za mtu mmoja mmoja za ACS zisizo na majina. S0201 haiwezi kushuka mpaka kaunti yenu, maana kundi lazima lifikie watu 65,000 katika eneo linalohesabiwa. Wasyria wa nchi nzima kwenye sensa ya 2020 walikuwa zaidi kidogo ya 220,000, Walebanoni 685,672. Gaweni kwa majimbo muone.

Fungua MDAT, zana ya kutengeneza majedwali yako mwenyewe kwenye tovuti ya sensa, hauhitaji programu yoyote. Chagua ACS ya miaka 5, si ya mwaka 1. Weka ANC1P na ANC2P, yaani asili ya kwanza na ya pili: Walebanoni ni 425, Wasyria ni 429. Weka POBP ya mahali pa kuzaliwa, YOEP ya mwaka wa kuingia, POVPIP ya umaskini. Tengeneza makundi matatu ya Wasyria: waliozaliwa Marekani, waliozaliwa Syria wakaingia kabla ya 2012, waliozaliwa Syria wakaingia 2012 na baadaye. Walebanoni wagawe kwa 1975 na 1991. Kisha toa jedwali.

Binti Tanga (Ann Arbor):

Papa Kalemie, umeruka hatua ambazo ndizo zinaharibu kazi za watu.

Kwanza, ANC1P peke yake hailingani na ANC1P au ANC2P. ACS inapokea majibu mawili, na aliyeandika Kiayalandi kwanza na Kilebanoni pili atakupotea. Amua moja, uiandike chini ya jedwali.

Pili, kipato cha kaya ni HINCP, na kinapimwa kwa WGTP, uzito wa kaya. Cha mtu ni PINCP, kwa PWGTP, uzito wa mtu. Watu huchukua HINCP wakaipima kwa PWGTP, na hapo kaya ya watu wanane inahesabiwa mara nane. Kama unataka kaya, bakisha mkuu wa kaya tu, RELSHIPP namba 20, asili yake iwe ndiyo asili ya kaya.

Tatu, faili la miaka 5 lina mapato ya miaka tofauti. Zidisha kwa ADJINC, namba ya kusawazisha thamani ya dola, gawanya kwa 1,000,000. Usipofanya, dola ya mwaka wa kwanza na ya mwaka wa tano zinakaa pamoja.

Nne, na hili ndilo kubwa kwa wakimbizi: acheni kulinganisha kipato cha kaya. Familia ya Kisyria ya watu wanane yenye vijana wawili wanaofanya kazi inaweza kuonyesha kaya yenye kipato kizuri kuliko mjane wa Kilebanoni anayekaa peke yake. POVPIP inazingatia ukubwa wa familia. Chini ya 100 ni maskini, chini ya 200 ni wa hali ya chini kwa programu nyingi. Weka asilimia ya walio chini ya 100 na chini ya 200, kila kundi.

Mama Neema (Ohio):

Asanteni sana. Nimeingia MDAT. Nimeona kuna "Assyrian/Chaldean/Syriac". Niwajumlishe na Wasyria?

Mzee wa Michenzani (Columbus):

Hapana! Usiwaguse. Wengi wao hapa Michigan na Ohio ni Wakaldayo, Wakristo wa Iraq, na wana historia yao ya maduka Detroit. Ukiwaweka kwa Wasyria, safu yako imeharibika na afisa akijua atakurudishia tena.

Papa Kalemie (Dayton):

Binti Tanga, uzito naujua, nilifupisha. Wewe nawe hujamwambia kwamba PUMS haina kaunti. Ina PUMA, eneo la watu wasiopungua 100,000. Kaunti kubwa hugawanywa PUMA kadhaa, ndogo huunganishwa na jirani. Na faili la miaka 5 ni kama 5% ya watu. Wakimbizi wa Kisyria 600 kwenye PUMA yenu wanatoa rekodi 30 hivi. Kwa rekodi 30 huwezi kutoa asilimia ya umaskini ukalala usingizi, kiasi cha makosa kitameza namba yenyewe. Fanya jimbo zima, useme wazi ni jimbo. Kwa kaunti weka idadi ya waliozaliwa Syria kutoka B05006, jedwali la ACS la mahali pa kuzaliwa, ikiwa imetolewa, basi.

Mwana Kisauni (Cleveland):

Jamani, mnamchosha mama wa watu. Mimi nashughulika na hizi CDBG, na hakuna popote HUD, wizara ya makazi inayotoa fedha hizi, inapotaka asili ya mtu ili kuthibitisha uhitaji. Inataka kipato cha anayehudumiwa: asizidi 80% ya kipato cha kati cha eneo, kwa ukubwa wa familia yake. Na msiandike "wakimbizi" mkidhani wanakubalika moja kwa moja. Orodha ya wanaochukuliwa kuwa na kipato cha chini bila kuthibitisha ina wazee, wasio na makao, watu wazima wenye ulemavu mkubwa, wasiojua kusoma, wafanyakazi wahamiaji wa mashambani na wengine wachache. Mkimbizi hayumo.

Njia iliyo safi ni ya biashara ndogo kabisa: isiyozidi wafanyakazi 5, mwenyewe akiwemo. Kila mshiriki, au mtu anayejiandaa kufungua, ajaze fomu ya kipato cha familia. Akithibitishwa mara moja, anaweza kuhesabiwa hivyo hadi miaka 3. Hapo daktari wa Kisyria hawezi kuingia, na Mlebanoni maskini wa Dearborn angeweza. Jedwali la Walebanoni na Wasyria linabaki kuwa maelezo tu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni biashara yenyewe. Mmeandika watapika majumbani? Sheria ya Ohio ya chakula cha nyumbani haitaki leseni, lakini ni kwa visivyohitaji friji tu. Mikate, maamoul, biskuti za tende, sawa, na lebo iandikwe "This Product is Home Produced". Kibbeh, hummus, sambusa za nyama, pondu, hapana. Hivyo vinataka jiko lenye leseni. Andikeni gharama ya kukodi jiko la pamoja kwa saa, la sivyo bajeti itaanguka mwezi wa kwanza.

Na mtaji: msiweke mkopo wa riba kama njia pekee, familia nyingi za Kisyria zitakataa, na za kwetu pwani vilevile. Programu inunue oveni, iwauzie kwa bei yenye faida iliyotajwa mwanzo, walipe kwa awamu.

Mzee wa Michenzani (Columbus):

Hapo kwa mtaji ndipo Mlebanoni na Msyria wanapoachana kweli. Mlebanoni aliyefika Dearborn 1985 alimkuta mjomba mwenye duka. Alipewa kazi, kisha bidhaa za mkopo bila karatasi, kisha duka. Mkimbizi wa Kisyria wa 2016 alipangiwa mji na shirika, mara nyingi bila jamaa hata mmoja, akaanza na deni la nauli ya ndege la IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji. Halina riba, lakini malipo yanaanza miezi 6 baada ya kufika.

Na ACS haiulizi akiba. Walebanoni wengi waliweka fedha benki za Beirut kwa sababu ya riba kubwa. Tangu Oktoba 2019 zimezuiwa, na lira iliyokuwa 1,507.5 kwa dola ikaporomoka. Mtu kwenye jedwali ana kipato kizuri, akiba ya maisha imekwenda, na kila mwezi anawatumia wazee wake. Namba yake haijabadilika hata kidogo.

Papa Kalemie (Dayton):

Hayo ya benki kufungwa tunayajua. Goma benki zilifungwa Januari 2025, watu wakawa wanavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kufuata noti, na mawakala wa kutuma fedha kwa simu wakawa wanakata wanavyotaka. Ukituma dola 100, mama anapokea pungufu, na hakuna wa kumlalamikia.  Hao Wasyria tulikuja nao pamoja, msisahau: mwaka wa fedha 2016 Kongo ilitoa wakimbizi 16,370 na Syria 12,587, tulikuwa wa kwanza na wa pili. Wao wana madaktari na mawakili wa jina lao waliotangulia. Sisi tulitanguliwa na nani?

Mwana Kisauni (Cleveland):

Papa, pole sana kwa ya Goma. Kwa sasa tuma kwa awamu ndogo, wakala akikosa noti fedha zisikwame zote. Na uliza kwanza kiwango chake cha kukata kabla ya kubonyeza.

Mama Neema (Ohio):

Asanteni nyote, ya jiko nitayaweka. Lakini Ijumaa inakuja. Kwenye fomu yenyewe nafasi ya Wasyria ni safu moja tu. Niongeze safu, au nitaambiwa nimebadilisha fomu yao?

Binti Tanga (Ann Arbor):

Mama, na ukiwa hapohapo, angalia upande wa familia za Kikongo. Kama mlitumia B16001, jedwali la ACS la lugha ya nyumbani, Kiswahili hakisimami peke yake, kimewekwa pamoja na lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini. Mhandisi wa Kizimbabwe anayezungumza Kishona yumo humo na mama wa Uvira. Chukua PUMS, LANP (lugha ya nyumbani) ya Kiswahili, ukate kwa POBP ya Kongo na YOEP, kama ulivyofanya kwa Wasyria. Waambie watu wenu pia, kwenye swali la asili la ACS waandike Kongo wazi. Anayeandika "African" anapotea kabisa.