Hizi saiti za matangazo matupu mnazijuaje kabla hazijamaliza bando?

mkulima_isyonje
Wakuu habari za jioni. Viazi vyangu vimeanza kulala mchana jua likiwaka, jioni vinasimama, siku ya nne vikalala jumla na majani bado mabichi. Nikagugo dawa ya mnyauko nikafungua ya juu kabisa. Jamani! Kabla ya kichwa cha habari tangazo, mistari miwili tangazo, nataka kugusa "endelea kusoma" maandishi yanaruka kidole kinatua kwenye mkopo wa haraka, narudi naanza upya. Kurasa nane, kila moja aya moja, ya mwisho inasema "muone mtaalamu wa eneo lako". MB 300 zimeenda hivyo. Nyie mnazishtukiaje mapema?

fundisimu_mafinga
Pole mkuu. Hizo kurasa nane ni makusudi, kila ukifungua mpya matangazo yanahesabiwa upya, sasa wakikupa jibu mstari wa kwanza wao watakula nini? Na wengine wananunua hadi wasomaji, wanaweka kapicha ka ajabu Facebook wanalipia hela kidogo kwa kila anayebonyeza, akishaingia matangazo ya ndani yanarudisha zaidi ya walicholipa. Mi huwa naandika jina la saiti naongeza /ads.txt mwishoni, hiyo faili ilianza 2017, inataja nani karuhusiwa kuuza matangazo ya hapo. Nikikuta mamia ya mistari imeandikwa RESELLER, yaani madalali watupu, natoka.

binti_tukuyu
Kaka hapo kwenye ads.txt utapoteza watu, hata magazeti makubwa yana orodha ndefu, na tangazo siyo dhambi, watu wanalipwa mishahara. Mi naangalia nani kaandika. Ukikuta "Admin" tu, na huyohuyo Admin leo kaandika viazi, ajira, tafsiri ya ndoto na tetesi za usajili, ujue hamna mtu humo. Kiswahili chao pia kinawaumbua, niliwahi kusoma "mwagilia kiwanda chako asubuhi", nikajiuliza kiwanda gani tena bustanini, kumbe mashine imekuta neno la Kizungu lenye maana ya mmea na kiwanda ikachukua kiwanda 😂 Hapohapo chini "viazi vya Ireland", kumbe ni viazi mviringo, Kizungu "Irish potatoes".

mstaafu_wa_blogu
Niseme ukweli nami nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa na blogu ya ajira, nakopi matangazo ya kazi narefusha utangulizi, "ajira ni muhimu katika maisha ya mwanadamu" aya nne nzima, deadline naificha chini kabisa ili ushuke mpaka huko. Miezi mitano nimepata dola 14 na AdSense, ile huduma ya Google inayolipa wenye saiti kwa matangazo, hutoi mpaka zifike 100, nikarudi kwenye mbao. Ila kwa mtu mwenye saiti mia mbili zinazojiandika zenyewe hesabu yake siyo ya dola 14.

mkulima_isyonje
Kumbe ni wewe uliyenichosha 2019 natafuta kazi 😅 Sasa kuna mwenye jibu la viazi? Ile saiti ilisema nipulize mankozebu.

binti_tukuyu
Usipulize kaka, mankozebu ni ya ukungu, hiyo kwa unavyoeleza ni mnyauko bakteria na hauna dawa ya kupuliza. Kata shina karibu na ardhi, litumbukize kidogo kwenye glasi ya maji safi usilitikise, subiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe unashuka ndo wenyewe, ng'oa pamoja na viazi vyake upeleke mbali na shamba, na hapo msimu ujao usipande viazi wala nyanya, weka mahindi. Ukipata nafasi pita TARI Uyole, kile kituo cha utafiti wa kilimo Mbeya, na shina lako.

mkulima_isyonje
Nimefanya sasa hivi na tochi ya simu. Uzi unashuka kama maziwa. Ndaga dada, kesho naamkia kung'oa.