Kitabu cha kwanza cha kurekodi na kumiksi: Huber, Senior au Owsinski?

KibodiMoja: Wadau, narekodi chumbani na kumiksi, yaani kuchanganya sauti nilizorekodi ziwe wimbo mmoja. Maiki moja, kompyuta, spika mbili ndogo. Video nimetazama hadi kichwa kinauma, kila mtu ana lake. Nataka kitabu kimoja cha kukaa nacho. Nimebakiza vitatu: Modern Recording Techniques cha Huber na Runstein, Mixing Secrets for the Small Studio cha Mike Senior, na The Mixing Engineer's Handbook cha Bobby Owsinski. Kipi?

FundiMitambo: Huber na Runstein, sina haja ya kufikiri mara mbili. Maiki, kebo, sauti ya dijitali, MIDI (lugha ya kibodi na kompyuta kupeana noti), vyote vimo. Ukijiuliza kwa nini maiki ya kondensa inadai volti 48 na ya dainamiki haidai, unafungua unakuta.

BesiNzito: Mkuu, hicho ni cha darasani. Nilisoma kurasa kama mia, nikajua mengi, na miksi zangu zikabaki tope vilevile. Aliyenizindua ni Senior, maana haanzi na kompresa (ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo) wala ikwalaiza (ya kuongeza au kupunguza besi na sauti kali). Anaanza na masikio yako: spika zimekaa wapi, chumba kinakudanganya vipi. Siku moja nikaacha noti moja ya chini ya besi ijirudie, nikainuka kitini nikaanza kutembea. Katikati ya chumba ikanywea, karibu ipotee. Kufika kwenye kona, ikanguruma. Noti ileile, na kitufe cha sauti sijakigusa! Kumbe miezi yote nilikuwa naongeza besi kwa sababu nimekaa shimoni, pale mawimbi yanayorudi kutoka ukutani yanapofuta besi. Wimbi la hezi 50, yaani la noti nzito ya besi, lina urefu wa karibu mita 7. Chumba chako kina ngapi?

SikioLaTatu: Naunga mkono Senior. Tena ana maktaba mtandaoni ya nyimbo zenye treki mojamoja, kila ala na kila sauti peke yake, unapakua bure unafanyia mazoezi. Owsinski nampenda kwa mahojiano na mafundi wakubwa, lakini ni kitabu cha pili. Yupo anayeanza miksi na ngoma, yupo anayeanza na mwimbaji. Mgeni atatoka humo amechanganyikiwa zaidi.

KibodiMoja: Na kurekodi je? Hicho cha Senior si cha miksi tu?

FundiMitambo: Ndicho ninachosema! Vokali iliyorekodiwa vibaya haiokolewi na miksi.

SikioLaTatu: Ana kingine, Recording Secrets for the Small Studio. Ila kama shida yako ni "p" zinazopasua, usingoje kitabu: sogeza maiki pembeni kidogo ya mdomo, pumzi ipite kando.

KibodiMoja: Nimejaribu ile ya noti. Aisee, besi inapotea palepale ilipo meza yangu! Basi naanza na Senior. Meza niiweke ukuta upi, mfupi au mrefu?

BesiNzito: Mfupi, spika zitazame urefu wa chumba. Halafu usikae katikati kabisa, songa mbele kidogo, urudie ile noti.