Kikundi: HARUSI YA SALMA 💍 (watu 34)

Shangazi Mwanaisha 20:14
Assalam aleikum. Nawakumbusha mabuyu ya harusi. Pakiti 300, kila mtu atoe 500. Mpaka sasa waliotoa ni wawili. Wengine mshasoma, tiki za buluu naziona.

Shangazi Mwanaisha 20:16
Kila pakiti natia kikaratasi cha historia, wageni wa Oman wajue wanakula nini: "Tangu zama za mababu, Waswahili hupika mbegu za mbuyu kwa shira nyekundu, iliki na pilipili."

Bi Zuhura 20:21
Vanila umeisahau.

Kassim 20:22
Na ulimi mwekundu kama kinda la ndege. Mimi nimechapwa madrasa kwa ule ulimi 😂

Shangazi Mwanaisha 20:22
Kassim, 500 yako iko wapi?

Jamila Dar 20:30
Huku kwetu ni ubuyu jamani, si mabuyu.

Kassim 20:31
Ubuyu wa Dar ni umbea 😂😂

Badi London 20:44
Huku unga wake wauzwa maduka ya afya, bei ya kuku mzima. Ulaya waliuruhusu uuzwe kama chakula 2008. 2008! Sisi meno yalikuwa yashaoza.

Shangazi Mwanaisha 20:46
Hiyo nzuri, naitia. Haya, nani apika? Shira lazima ivute uzi. Isipofika, mabuyu yanata mkononi. Ikipita, yarudi sukari, yatoka na chenga nyeupe kama mwaka ule.

Bi Zuhura 20:47
Mwaka upi wifi?

Shangazi Mwanaisha 20:47
Waujua.

Bi Zuhura 20:53
Mwaka ule mbegu zilinunuliwa Kongowea, kavu, zimelala. Tungekuwa na mbuyu wetu wa Kilifi tusingenunua. Muulize kaka yako Omar, aliyeuuza ukang'olewa.

Kassim 20:55
Wale waliong'oa mibuyu ya Kilifi 2022 angalau walitaka kuipeleka nchi ya Georgia ikapandwe. Wetu ulipandwa wapi?

Jamila Dar 20:55
Huu sasa ndio ubuyu wenyewe. Navuta kiti 🍿

Shangazi Mwanaisha 20:56
Jamani, Omar yumo humu.

Swafia 21:40
Nimemsomea Bibi yote. Asema niandike kama alivyosema:
"Omar hakuuza mbuyu. Niliuuza mimi, mwaka aliolazwa Swafia. Nilimwambia anyamaze, akanyamaza. Na hayo mekundu mimi sikuyala utotoni. Tulimumunya ubuyu hivyo hivyo mweupe, tukatema kokwa. Siku ya sukari tulivuruga na maji tukanywa. Rangi nimeijua nshaolewa. Msiandike uongo kwenye karatasi ya harusi."

Bi Zuhura 21:58
_Ujumbe huu umefutwa_

Shangazi Mwanaisha 23:02
Tumekusikia Bibi. "Zama za mababu" naitoa.

*Jumamosi*

Ami Omar 06:12
Mwataka kilo ngapi? Kuna mtu Malindi ana mbegu za msimu huu.

Shangazi Mwanaisha 06:13
Ishirini. Au thelathini, nitakwambia.

Badi London 09:27
Nimelala nikapitwa. Hiyo 500 ni shilingi au pauni?

Kassim 09:30
Nimetuma 200 shangazi, nyingine mwisho wa mwezi.

Shangazi Mwanaisha 09:31
Harusi ni tarehe 18 Kassim!! Wifi Zuhura, utapika?

Shangazi Mwanaisha 13:05
Wifi?