Tuko sita, siku saba, visiwa tisa vya Grenadines na Grenada: tukodi boti bila nahodha?

MwanaPate:
Wanajamvi, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Pate, naishi Toronto. Februari tunakwenda Karibiani, marafiki sita tuliosoma pamoja Mombasa. Tumepata katamarani, boti ya matanga yenye mabodi mawili, ya kukodi pale St Vincent. Mpango wangu ni Bequia, Mustique, Canouan, Mayreau, Tobago Cays, Union, Petite Martinique, Carriacou na Grenada, kisha turudi tulikotoka, yote kwa siku saba.

Nimekulia kwenye mashua ya baba. Kubisha, yaani kwenda kwa kukatakata dhidi ya upepo, na kutia nanga najua, na huku nimepata cheti cha kuendesha boti ya matanga ziwani. Wenzangu hawajui tanga wala demani, ile kamba yake, na watatu hawajui kuogelea. Nahodha wa kule ni gharama ya ziada, na hizi hela tumezichanga miaka miwili. Moyo wangu hasa uko Carriacou, maana kijiji cha Windward mafundi wanaunda vyombo vya mbao kama Matondoni kule Lamu. Huko sitaki kukukosa. Naomba ushauri wa kweli.

Tezi_na_Omo:
Ndugu yangu, nimefanya ubaharia kwenye boti za kukodi huko misimu miwili. Punguza visiwa kwanza, mengine yatafuata.

Upepo wa kule unatoka mashariki karibu mwaka mzima. Hakuna kusi wa kukupeleka na kaskazi wa kukurudisha, na miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo unavuma kwa nguvu zaidi. Kushuka kutoka St Vincent unaupata ubavuni, chombo kinateleza. Kurudi ndiyo kazi: unakokwenda ni kaskazini-mashariki, mkondo unakusukuma magharibi, na katamarani ya kukodi ni nzito, haiendi joshi, upande unakotoka upepo, vizuri. Utabisha siku mbili nzima huku wenzako wanatapika. Waulize wenye boti kama mnaweza kuiacha Grenada. Ada yake inauma, lakini lipeni.

Lingine ni maboya ya kuonyesha njia, na hapa baharia wa kwetu asiposhtuka atapanda mwamba. Ukiingia Kilindini, jekundu unaliacha kushoto na kijani kulia. Kule ni kinyume: ukiingia bandarini, jekundu liko kulia. Utalijua kichwani, lakini mkono utafuata mazoea, hasa jua likikupiga usoni. Na bandari ya Clifton, pale Union, ina mwamba katikati kabisa.

Tatu, boya la kufungia chombo. Mkifika Bequia au Tobago Cays vijana watawapokea na viboti vyao. Wengi ni waungwana na wanatafuta riziki, lakini usilifunge boya kabla hujazama kulitazama. Jioni moja Bequia nilishuka na miwani. Kamba ilikuwa imelika karibu na pete ya chini, umebaki uzi mmoja mzima, nyingine zimefumuka na kuota ukijani. Tukasogea, tukatia nanga kwenye mchanga, pima nne. Usiku upepo ukaporomoka kutoka mlimani, na nikamshukuru Mungu kwa ile miwani.

Kutoka Carriacou kwenda Grenada mtapita karibu na Kick 'em Jenny, volkano iliyo chini ya bahari. Vyombo hukaa mbali nayo kilomita 1.5 wakati wote, na ikichachamaa zinakuwa kilomita 5. Angalieni tangazo la siku hiyo.

Nahodha mchukue. Uwezo naona unao, lakini nanga ikiburura saa tisa usiku, wa kuamka ni wewe peke yako, na kesho yake tena uwe macho kwa watu watatu wasioogelea.

BintiShela:
Kaka, namuunga mkono Tezi_na_Omo. Sisi tulikwenda wanane, tukapanga visiwa vingi kama wewe. Siku ya tatu rafiki yangu alikaa kwenye ngazi ya nyuma ya boti akalia, anasema hajakaa ufukweni hata saa moja. Siku hiyohiyo tukafuta nusu ya safari. Tukalala Tobago Cays usiku mbili. Alfajiri, boti za kutwa hazijafika, kasa wanapanda juu upande wa Baradal na unawasikia wakipumua. Mpaka leo ndicho tunachosimuliana.

Union, Carriacou na Petite Martinique zilipigwa vibaya na kimbunga Beryl tarehe 1 Julai 2024. Nunueni kwa wenyeji, mboga, mkate, hata barafu. Na waambie wenzako kuhusu mti unaoitwa manchineel, una vitunda vya kijani kama tufaha dogo. Wasile, wasiguse utomvu, na mvua ikinyesha wasijikinge chini yake, maji yake yanaunguza ngozi.

Kaptula_Bluu:
Kumbukeni hizo ni nchi mbili: Union ni ya St Vincent, Carriacou ni ya Grenada. Mnagonga mihuri ya kutoka Union, mnagonga ya kuingia Carriacou, na bendera ya manjano inapepea mpaka mmalize uhamiaji na forodha. Dola ya kule ni 2.70 kwa dola moja ya Marekani, bebeni noti ndogondogo.

MwanaPate:
Ahsanteni sana. Nimeongea na wenzangu jana usiku. Tumekata Mustique, Canouan na Petite Martinique, Union tunagonga mihuri tu. Tunalala Bequia, Mayreau, Tobago Cays na Carriacou, boti tunaiacha Grenada. Nahodha tunamchukua, mmoja wetu ameahirisha kununua simu mpya ili hela itimie. Limebaki swali la hawa watatu. Jaketi okozi zipo, lakini nahofia wakati wa kushuka kwenda pwani.

Tezi_na_Omo:
Hapo ndipo watu wengi wanapoangukia majini, wakivuka kutoka boti kubwa kwenda ile ndogo. Siku ya kwanza, kabla hamjang'oa nanga, wafanyisheni mazoezi palepale bandarini, jaketi zikiwa zimefungwa. Mmoja mmoja, mikono mitupu, mzigo upitishwe baadaye. Aweke mguu katikati ya kile kiboti, akae kwanza, ndipo mwingine ashuke. Warudie mara tatu, kisha warudie tena giza likiingia, maana mtarudi chomboni usiku.