Tupeane uzoefu: mbwa dume ambaye korodani haijashuka, yenu yaliishaje?

MlinziGeti
Wakuu habari zenu. Nina dume wa German Shepherd anaitwa Chui, ana miezi minne. Anakula, anakua, anabweka mpaka kero. Tatizo mfukoni ipo korodani moja tu, ya kushoto. Ya kulia siioni. Nikiuliza, kila mtu ana lake: mkande na maji ya moto, mchome homoni, mwache itashuka yenyewe, mgawe huyo ni mgonjwa. Nadharia nimezichoka. Waliofuga mbwa wa hivi nielezeni yenu yaliishaje.

Mama Popi
Pole kaka, ila usimgawe. Kwanza hakikisha kweli haipo. Popi wangu ni Chihuahua, na kila akipandishwa kwenye meza ya daktari korodani moja inapotea. Mbwa akiogopa au akisikia baridi kuna msuli unaozivuta juu. Nyumbani akiwa ameshiba, amelala chali mapajani kwangu, inarudi.

Daktari alinionyesha namna ya kupapasa. Pasha mikono joto. Tumia vidole viwili, anzia kinenani pembeni mwa uume, teleza taratibu kurudi nyuma mpaka mfukoni. Korodani ya mbwa mdogo ni kama punje ya haragwe, ngumu kiasi, na inakukimbia chini ya ngozi. Ukigusa kitu laini kisicho na umbo, hayo ni mafuta tu, yamewadanganya wengi. Ukiipata kinenani, angalau unajua iko njiani. Usipoigusa popote, huenda iko tumboni.

Mzee wa Boxer
Mama Popi kamaliza upande wa vidole, mimi niongezee kidogo. Korodani huanzia tumboni karibu na figo, zikashuka kupitia tundu la kinenani mpaka mfukoni. Kwa mbwa wengi kufikia wiki ya 8 safari imekwisha. Wachelewaji wapo, wangu mmoja alikamilika akiwa amekaribia miezi mitano, lakini yake tulikuwa tunaigusa kinenani siku zote. Ikifika miezi sita hivi ile njia inakuwa imebana, iliyobaki juu ndiyo basi tena. Kwa hiyo madaktari wengi hawatoi hukumu kabla ya hapo.

Ya kulia ndiyo hukwama zaidi, kwa hiyo Chui wako hana ajabu. Boxer wamo, German Shepherd wamo, na mbwa wadogo kama Chihuahua, Pomeranian na Yorkshire Terrier ndiyo usiseme.

Maji ya moto? Utakuwa umemwogesha mbwa, basi. Homoni nazo daktari wangu alizikataa, akasema hakuna ushahidi wa kueleweka kwamba zinasaidia. Tena hata ikitokea ikashuka kwa sindano, kasoro ya kurithi inabaki palepale, na kesho mtu anampandisha akijua ni mzima.

KijanaWaMadume
Mnatisha watu bure. Dume langu lina moja na majike yanashika mimba kama kawaida. Watoto wazuri, wateja wanagombania.

Bi Mfugaji
Mdogo wangu, hakuna aliyekubishia kwamba anazalisha. Hiyo moja iliyoshuka inatosha. Tasa ni yule ambaye zote mbili ziko juu, kwa sababu joto la ndani ya mwili haliachi mbegu zikomae. Na hata huyo hamu anayo, homoni ya kiume inatoka vilevile. Shida iko kwa watoto.

Nilikuwa na jike wa Yorkshire, mzuri, mtulivu, analea vizuri. Uzao wa kwanza dume mmoja alitoka na korodani moja, nikaona ni bahati mbaya. Uzao uliofuata na baba yuleyule wakatoka wawili. Watu hulaumu dume peke yake, lakini jike naye anabeba na kurithisha, ila yeye hana mahali pa kuonekana. Nikawastaafisha wote wawili. Kisha nikaanza kazi ya kuwapigia simu walionunua dada zao, maana nao wanaweza kuwa wamebeba. Mmoja alinikatia simu. Wateja walipungua, sitaki kudanganya.

Kwenye maonyesho pia hapiti. Kanuni ya FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, inataka dume awe na korodani mbili zinazoonekana za kawaida, zilizoshuka kabisa mfukoni. AKC, chama cha mbwa cha Marekani, nayo inamwondoa uwanjani. Wewe wateja wako umewaambia?

KijanaWaMadume
Hawajauliza dada.

Bi Mfugaji
Waambie kabla hawajauliza.

MrithiWaJeki
Mimi nimeishi na mwisho wenyewe wa habari hii. Jeki alikuwa mbwa wa mjomba, nikamchukua mjomba alipohamia kwenye nyumba isiyoruhusu mbwa. Mzee wa miaka tisa, korodani moja chini, nyingine haijulikani ilipo, na pale kwa mjomba lilikuwa jambo la kutania tu.

Yalianza manyoya. Yakapukutika ubavuni na mapajani, pande zote mbili sawasawa, bila mbwa kujikuna. Tukampa dawa ya ngozi, wapi. Halafu chuchu zikavimba. Dume mzima, chuchu zimetuna! Kisha madume ya jirani yakaanza kumfuata nyuma na kutaka kumpanda. Watoto walicheka mpaka wakalala chini. Jeki mwenyewe alikuwa anakaa chini haraka kila wakimkaribia, anageuza kichwa pembeni.

Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe tumboni. Ndiyo hiyo korodani iliyopotea, imeota uvimbe wa seli za Sertoli, zile seli za ndani ya korodani zinazolea mbegu, na uvimbe huo ndio uliokuwa unamwaga homoni ya kike. Nikadhani atapasuliwa siku ileile. Daktari akasema damu kwanza, kwa sababu homoni hiyo ikizidi inakandamiza uboho wa mifupa, chembe za damu zinapungua mpaka zile za kugandisha, na mbwa wa namna hiyo anaweza kukufia kwa kutokwa damu. Damu ya Jeki ilikutwa bado nzuri. Zikatolewa zote mbili. Chuchu zilinywea kwanza, manyoya yakachukua muda wake.

Daktari alinitajia kwamba korodani iliyobaki juu ina hatari ya uvimbe mara 9 hadi 13 kuliko iliyoshuka. Akaongeza kwamba inaweza pia kujisokota ndani ya tumbo, hasa ikiwa na uvimbe. Ukiona mbwa wa hivi ghafla tumbo linamuuma, amejikunja, hataki kuguswa, usingoje kesho.

Fundi Cherehani
Yangu ni tofauti kidogo. Nilipewa mbwa mkubwa nikaambiwa ameshahasiwa. Mfuko mtupu kweli, kovu lipo. Lakini kila kona ya nyumba ananyanyua mguu, mito yote anaipanda, na jike la jirani likiingia joto yeye halali na sisi hatulali.

Daktari akapima kwenye damu homoni moja inayoitwa AMH, ambayo kwa dume inatoka kwenye korodani tu. Ikaonekana. Ultrasaundi ikaikuta karibu na kibofu. Yaani aliyemhasi mwanzo alitoa ya nje, ya ndani akaiacha. Mimi hili naliona baya kuliko kutomhasi kabisa, kwa sababu mwenye mbwa anaondoka akijua kazi imekwisha, na ile yenye hatari ndiyo imebaki. MlinziGeti, siku yako ikifika omba uonyeshwe zote mbili, na iandikwe kwenye kadi ya mbwa kwamba zimetolewa mbili.

MlinziGeti
Nawashukuru sana. Nimempapasa jioni hii akiwa amelala fofofo, sijaigusa popote, kwa hiyo nasubiri afikishe miezi sita halafu ultrasaundi. Kupandisha nimeshafuta. Sasa upasuaji wa tumboni unamtesa sana mbwa? Na nimfanyie lini? Naambiwa mbwa wakubwa wasihasiwe mapema.

Mzee wa Boxer
Ikiwa kinenani jeraha ni dogo, unaweza usiamini. Ya tumboni hukatwa pembeni mwa uume, kovu linakuwa refu kidogo. Wenye kamera hutumia matundu madogo. Maumivu yana dawa zake, kumzuia asiruke ndiyo shughuli. Wangu kesho yake tu alitaka kukimbiza paka. Siku 10 hadi 14 atembee na mkanda, na ile kola ya shingoni usimvue kwa huruma, atafumua nyuzi usiku mmoja.

Kuhusu umri, kwa mbwa wa mwili kama Chui madaktari wengi hupenda asubiri mifupa imalize kukua, mwaka mmoja au zaidi kidogo. Uvimbe kwa kawaida huja umri ukishasogea, kwa hiyo muda unao. Panga tarehe na daktari mapema, iandike.

Mama Popi
Na usiku wa kabla ya upasuaji chakula kinasitishwa saa utakayoambiwa na daktari, nyumba nzima ijue. Popi aliokota biskuti ya mtoto ndani ya gari, akaimeza tukiwa tunamwangalia. Tukarudishwa nyumbani, tukapangiwa siku nyingine.