Tuko Ikweta, mbona jua la Kampala halina saa maalumu ya kuchomoza?

KivuliChaMchana

Ndugu zangu, nina fumbo lenye vipande vitatu. Nahisi vina mzizi mmoja, ila sijaweza kuvifunga pamoja.

Vitabu vya shule vinasema kwenye Ikweta mchana na usiku hulingana mwaka mzima. Kampala iko digrii 0.31 tu kaskazini mwa Ikweta. Hata hivyo, katikati ya Februari jua huchomoza saa moja asubuhi, na mwanzoni mwa Novemba huchomoza saa kumi na mbili na nusu. Hiyo ni nusu saa nzima. Wala si kwamba mchana umefupika, kwa sababu machweo nayo husogea kiasi kilekile, upande uleule.

Pili, ukitoa saa ya macheo katika saa ya machweo hupati saa 12 kamili. Unapata saa 12 na dakika 7 hivi, mwezi wowote.

Tatu, na hili ndilo linalonikera zaidi: jua halifiki utosini saa sita. Linafika karibu na saa saba. Sasa Kiswahili na Luganda vilipoita wakati huo saa sita, ssaawa mukaaga, vilikuwa vikihesabu nini?

Longitudo45

Nitaandika kwa tarakimu za simu, 07:00 ikiwa ni saa moja asubuhi, tusije tukapotezana.

Anza na kipande cha tatu, ndicho chepesi. Saa ya Afrika Mashariki iko saa 3 mbele ya Greenwich, penye longitudo 0. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, kwa hiyo saa hiyo ni ya kweli kwa mtu aliye kwenye longitudo 45 mashariki. Mstari huo unapita Somalia, hauigusi Uganda hata kidogo. Kampala iko longitudo 32.58. Toa: 45 − 32.58 = 12.42. Kila digrii ni dakika 4, unapata karibu dakika 50. Jua likiwa utosini Kampala, simu inasoma, kwa wastani wa mwaka, 12:50. Mbale (34.18) ni 12:43. Arua (30.91) ni 12:56. Kabale, ambayo iko karibu kabisa na longitudo 30, ni 13:00.

Dakika saba sasa. Zina sababu mbili. Macheo huhesabiwa pale ukingo wa juu wa jua unapochungulia, si kitovu chake, na kutoka kitovu hadi ukingo ni dakika 16 za digrii (si za saa; 60 kati ya hizo ni digrii moja). Halafu hewa hupinda mwanga: jua lililo chini ya upeo kwa dakika 34 za digrii huonekana kama limeshafika upeoni. Jumla ni 50, yaani digrii 0.83. Kwa mwendo wa digrii moja kwa dakika 4, hizo ni dakika 3.3 asubuhi na 3.3 jioni. Karibu 7.

Wengi husema dakika hizo zinatokana na Kampala kutokuwa Ikweta penyewe. Digrii 0.31 huongeza au kupunguza dakika moja tu: Juni mchana wa Kampala ni saa 12 na dakika 8, Desemba ni saa 12 na dakika 6. Nenda Arua, digrii 3 kaskazini, ndipo latitudo inaanza kuuma: Juni mchana ni saa 12 na dakika 18, Desemba saa 11 na dakika 57.

DuaraDufu

Longitudo45 amemaliza mawili, lakini lililobaki ndilo tamu.

Dunia ikizunguka mara moja kamili kwenye mhimili wake, jua halijarudi utosini bado, kwa sababu siku hiyo dunia imesogea pia kwenye njia yake ya kulizunguka jua. Inabidi izunguke kama digrii moja zaidi, dakika 4 hivi, ndipo adhuhuri ifike. Saa 24 zetu zimeshaingiza wastani wa nyongeza hiyo. Tatizo ni kwamba nyongeza yenyewe haifanani kila siku.

Haifanani kwa sababu njia ya dunia ni duaradufu, yaani duara lililobanwa kidogo. Mapema Januari dunia huwa karibu zaidi na jua na hukimbia zaidi, mapema Julai huwa mbali na huenda polepole. Hii peke yake hulisogeza jua hadi karibu dakika 8 mbele au nyuma, mzunguko mmoja kwa mwaka. Haifanani pia kwa sababu mhimili umeinama digrii 23.4. Machi na Septemba jua hukata Ikweta kimshazari, kwa hiyo sehemu ya hatua yake ya kila siku inapotelea kaskazini au kusini, na hatua ya kuelekea mashariki inakuwa fupi. Juni na Desemba hatua yote ni ya mashariki. Hii ya pili hufika karibu dakika 10, na hujirudia mara mbili kwa mwaka.

Jumlisha mawimbi hayo mawili. Desemba yanasukuma upande mmoja: kutoka adhuhuri moja hadi nyingine ni saa 24 na sekunde 30 hivi. Sekunde hizo hazionekani siku moja, lakini hulimbikizana kama senti kwenye kibubu. Mwezi Septemba siku ya jua ni fupi kwa sekunde 21 hivi. Matokeo kwa Kampala:

Karibu tarehe 11 Februari jua limechelewa dakika 14. Utosini ni 13:04, macheo 07:01, machweo 19:07.
Karibu tarehe 3 Novemba limetangulia dakika 16. Utosini ni 12:33, macheo 06:30, machweo 18:36.

Siku ambazo halikuchelewa wala kutangulia ni nne: karibu tarehe 15 Aprili, 13 Juni, 1 Septemba na 25 Desemba. Hapo ndipo 12:50 ya Longitudo45 inakuwa ya kweli.

Jambo hili lipo London pia, ila kule limefunikwa. Mchana wao hurefuka na kufupika kwa saa nyingi, na mtu hawezi kuona dakika 30 ndani ya mafuriko hayo. Hapa kwetu mchana umetulia, ndiyo maana wimbi hili linaonekana peke yake, safi. Anayetaka kuliona kwa macho, Uganda ni mahali pazuri kupita kiasi.

MwanaLugha

Niseme upande wa lugha.

Saa za Kiswahili zinahesabiwa tangu jua linapotoka, na za usiku tangu linapozama. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana iliyokwisha. Saa sita ni nusu ya mchana. Luganda inahesabu vivyo hivyo: essaawa emu, essaawa bbiri, na neno lenyewe essaawa ni saa ileile iliyotoka Kiarabu. Kiamhari nacho kina hesabu ya namna hii. Ni hesabu inayowafaa watu ambao mchana wao hauchezicheza. Mtu wa London asingeweza kuitumia, maana macheo yake hayatulii.

Uzuri wake unaonekana zaidi kwenye majina ya nyakati. Adhuhuri ni jua linapopita utosini. Magharibi ni linapozama. Alasiri, kwa madhehebu ya Shafii yaliyoenea pwani, huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wa kitu chenyewe, ukitoa kivuli cha adhuhuri. Piga hesabu siku ya Machi ambayo jua linapita juu kabisa ya kichwa: kivuli cha adhuhuri ni sifuri, kivuli kinalingana na kijiti jua likiwa digrii 45, na digrii 45 ni saa 3 baada ya adhuhuri. Sita na tatu ni tisa. Kwa saa ya jua alasiri inaingia saa tisa kamili, na magharibi saa kumi na mbili. Kila kitu kinakaa mahali pake.

Kwa hiyo hesabu ya lugha haikukosea. Kilichohama ni saa ya ukutani. Mombasa, longitudo 39.67, pengo ni dakika 21 tu, ndiyo maana pwani hawahisi kitu. Kampala pengo ni 50. Tungetumia saa ya jua letu, macheo ya wastani yangekuwa dakika 3 kabla ya saa kumi na mbili, kama lugha inavyotaka.

Tena, jedwali la DuaraDufu limebandikwa kwenye kuta za misikiti ya Kampala. Chukua kalenda ya nyakati za swala, soma safu ya adhuhuri kuanzia Novemba hadi Februari, utaona ikisogea karibu nusu saa. Kalenda nyingine huongeza dakika chache za tahadhari baada ya utosi, lakini umbo la wimbi halibadiliki.

KivuliChaMchana

Asanteni sana. Sasa nataka kulipima mwenyewe bila kutegemea kalenda. Kijiti kinatosha? Na kosa litakuwa dakika ngapi?

TimaziNaUzi

Kinatosha, ukikwepa mitego. Usijaribu kutafuta kivuli kifupi zaidi. Jua likikaribia utosi kivuli kinakuwa kifupi mno na hutajua dakika ipi ndiyo yenyewe. Tumia njia ya duara.

Simamisha mti wa mita 1 kwenye ndoo ya mchanga au zege. Kivuli cha ncha huwa na ukungu wa kama sentimita 2, kwa sababu jua lina upana, na ukungu huo ni dakika 2 za kosa. Kwa hiyo pigilia juu kabisa kipande cha bati au kadi ngumu chenye tundu la milimita 5. Sakafuni utaona doa la mwanga, nawe weka alama katikati ya doa. Shusha timazi (uzi na jiwe) kutoka kwenye tundu, si kutoka kwenye mti. Pale jiwe linapogusa ndipo kitovu. Chora duara za nusu kipenyo sentimita 60, 70, 80, 90 na 100.

Asubuhi doa linakuja kuelekea kitovu. Andika saa ya simu kila linapokata duara. Mchana andika tena linapotoka. Chukua saa mbili za duara moja, jumlisha, gawanya kwa mbili. Kwa mfano, duara la sentimita 80 mwanzoni mwa Septemba hukatwa kama 10:18 na 15:22. Wastani ni 12:50. Duara nyingi ni kwa ajili ya mawingu: wingu likifunika moja, zimebaki nne.

Urefu wa mti ukiukosea, hakuna neno, kosa linajifuta kwa kuwa asubuhi na jioni ni mti uleule. Yafuatayo hayajifuti. Kitovu kikihama sentimita 1 kwenda mashariki, vipimo vyote viwili vinachelewa, na adhuhuri yako inachelewa kama dakika 1.4. Sakafu ikiinama digrii 1 mashariki au magharibi, unakosea zaidi ya dakika moja na nusu. Kwa hiyo hakikisha kwanza kwa pimamaji kwamba sakafu imelala sawa, pande zote mbili, kabla ya kuchora chochote. Veranda nyingi zimeinamishwa makusudi ili maji ya mvua yatoke, usiziamini.

Ukifuata haya utapata nusu dakika. Wimbi ni dakika 30, kwa hiyo vipimo viwili tu, cha Novemba na cha Februari, vinatosha kulithibitisha.

Longitudo45

Nyongeza kwa walio magharibi. Kasese jua hufika utosini karibu 13:00, dakika 10 baada ya Kampala. Machweo hapo msiyatumie kupima chochote: kila digrii moja ya mlima hula dakika 4, na Rwenzori, yenye kilele cha mita 5,109, inasimama upande uleule wa machweo. Njia ya duara haisumbuliwi na mlima.

Na ukifika Mpondwe, vuka daraja kwenda Kasindi. Mashariki ya Kongo hutumia saa 2 mbele ya Greenwich, ambayo ni saa ya longitudo 30, na pale mpakani uko karibu na 30 penyewe. Jua ni lilelile, lakini upande mmoja simu inasema 13:00 na upande wa pili 12:00, na ya Kongo ndiyo inayolingana na kivuli. Rwanda ni hivyohivyo ukivuka Katuna. Sudan Kusini nao walirudisha saa zao nyuma kwa saa moja mwezi Februari 2021, kwa hiyo hata Elegu sasa ukivuka mpaka saa inarudi nyuma.