Ushauri: Mshahara wa mafundi nondo umeganda, wageni ndio wanaotubana? Tuthibitisheje?

Tawi la Saiti: Wakuu, msaada tutani. Saiti ni ya daraja, mkandarasi wa nje. Mafundi nondo wazawa 40, wageni 9 wanafunga nondo hizohizo. Mzawa analipwa 585,000 kwa mwezi, miaka miwili haijaguswa. Chama kimeshatambuliwa, mwezi ujao tunakaa mezani. Hoja tuijengeje?

Kokoto: Mkuu, usihesabu wageni, hesabu kazi. Chora safu nne: kazi anayoifanya mtu kutwa nzima, wazawa wangapi, wageni wangapi, malipo ya saa. Mgeni anayeendesha mtambo wa kumwaga lami hakubani; nyuma yake kuna watu wa reki, wa roli, wa kuelekeza malori, na mtambo ukisimama wote wanakaa. Anayekubana ni aliyeshika koleo la kufungia nondo na waya kama wewe.

Malipo ya saa: gawanya mshahara kwa 4.333 upate wa wiki, kisha kwa saa 45. Hapo ni kama 3,000, na ovataimu mara moja na nusu, 4,500. Wengi wanagawanya kwa 30 halafu kwa 8, wanapata 2,438. Mmeshajipunja kabla mwajiri hajafungua mdomo.

Mzee wa Vifungu: Vibali vinasemaje? Chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya Tanzania ya 2015, kibali cha kazi ni miezi 24, na kuhuishwa kwake kuna kikomo (mwekezaji ana hesabu yake). Kinataja kazi, na mwajiri anatakiwa awe na mpango wa kumrithisha mzawa. Mwandikieni mwajiri barua mkitumia kifungu cha 70 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kinachohusu mwajiri kutoa taarifa kwa ajili ya majadiliano. Ombeni idadi, vyeo na mpango wa urithishaji. Mkiomba majina na pasipoti atawajibu kuwa ni taarifa binafsi, na hapo sheria iko upande wake. Na msikague vibali vya watu getini, hiyo ni kazi ya afisa kazi.

Mbishi: Mkienda na "wageni wanashusha mishahara" hivihivi, mtatolewa kwa mfano wa mji wa Miami, Marekani. Mwaka 1980 waliingia Wakyuba kama 125,000, nguvukazi ya mji ikaongezeka kama asilimia 7, na mchumi David Card akakuta mishahara ya wenyeji haikutikisika. Mchumi mwenzake George Borjas akaja kubisha: walioachia shule njiani waliumia. Wenzake wakamjibu kuwa sampuli yake ni ndogo mno. Ubishi haujaisha, nyie mtaumalizia kwenye kontena la saiti? Shikeni nondo zenu. Halafu tazameni foleni ya vibarua wa mkandarasi mdogo asubuhi; bei ya fundi mara nyingi inavunjwa pale.

Tawi la Saiti: Shukrani wakuu. Kwenye ubao wa zamu hao 9 wote wameandikwa "msimamizi".

Mzee wa Vifungu: Wasimamizi 9 kwa mafundi 40, na wote wana koleo mkononi? Barua ianze na hapo. Mkikwama, mgogoro upelekeni CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 60.